Pijo Lililokata Pumzi

Kabla sijaanza, nitoe kiapo. Haya yote ni kweli, kweli kabisa, kweli ya kuisimamia mbele ya mchungaji na mkuu wa kituo cha polisi wakiwa wamekaa benchi moja. Sijaongeza chumvi. Hapa kwenye kibanda cha chai cha Nesta wapo wanaoanza kucheka nikifungua mdomo tu. Wacheke. Mtu akistaafu, watu huona kila anachosema ni cha kupotezea muda. Lakini gari lipo, mwenye gari yupo, na aliyelifanyia ubaya naye yupo. Nendeni mkawaulize.

Basi. Fausta alikuwa anapanda mlima kutoka Kamsamba, nyuma amepakia magunia ya mchele, pembeni yake mumewe Anania, pale gari lao, Pijo, lilipoanza tena kusumbua. Kwanza lilisita. Likavuta, likasita tena, kama mtu mwenye neno zito mbele ya wakwe. Kisha likazima, katikati ya lile jua la bondeni ambalo ukivaa kofia ya chuma unaweza kukaangia yai juu yake. Nimeshaona mtu akikaanga, ila hiyo ni habari nyingine.

"Weka mawe," Fausta alisema.

Anania akashuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akafungua boneti taratibu, kama anayepiga hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Ndivyo alivyokuwa, mpole hadi kwa vyuma.

"Limechemka?"

"Halijachemka, mama Witness. Limezima tu."

"Limezima tu," Fausta akarudia. "Kila safari limezima tu."

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa Pijo tangu mvua zilipokatika. Asubuhi linawaka kwa mguso mmoja, linaondoka kama limetoka kiwandani. Likishatembea kidogo linakohoa, linakufa. Ukilisubiri ukamaliza hindi la kuchoma, linawaka tena, linatembea, linakufa tena. Fausta alikuwa ndiye dereva na ndiye mfanyabiashara. Anania alipakia na kupakua, maana macho yake hayakuwa ya barabarani. Mchele wa Kamsamba ulipangiwa kufika Tunduma asubuhi, wakati wanunuzi wa Nakonde wanavuka mpaka. Siku hizi ulifika jioni, wanunuzi wameshajaza mikokoteni yao kwa watu wengine. Na mama wa mchele akikosa wateja msimu mmoja, msimu unaofuata wanamsalimia kwa heshima na kununua kwa jirani.

Siku ile Pijo liligoma kuwaka hata baada ya hindi. Akapita mzee mmoja na mkokoteni wa ng'ombe, mtupu, anaelekea mnadani Ndalambo. Akalitazama gari, akawatazama maksai wake.

"Niwavute?"

Anania akamtazama mkewe. Fausta akatazama magunia.

"Vuta, baba."

Ndivyo Pijo 504, pikapu nyeupe ya marehemu mzee Danieli Sichone, gari lililowahi kubeba maaskofu na mabibi harusi, lilivyoingia Ndalambo siku ya mnada likiwa nyuma ya makalio ya ng'ombe. Fausta yuko ndani ameshika usukani, maana lazima mtu aongoze, na anayeongoza hawezi kujifunika uso. Watoto wakakimbia pembeni. Akina mama wa dagaa wakasimama kuangalia. Wale maksai, nawaambieni, walijua wanachokifanya. Walitembea wameinua shingo kama wanaopeleka mahari.

Na nani alikuwa amekaa mbele ya duka la vinywaji, mguu juu ya mguu, soda mkononi? Shadrack Sichone, kaka mkubwa wa Anania, na gari lake la abiria linang'aa pembeni.

"Shemeji!" alipaza sauti ili mnada wote usikie. "Hao nao wanakula lita ngapi kufika Tunduma?"

Watu wakacheka.

"Na wakizima, kabureta yao unaifungulia upande gani?"

Mnada ukaanguka kwa kicheko. Hata mwenye ng'ombe alicheka, mtu wa watu, kisha akainamisha kichwa kwa aibu. Fausta alikaza macho kwenye mikia miwili iliyokuwa mbele yake, na kila ilipopunga alihesabu moyoni jambo moja atakalomfanyia Shadrack. Mikia ilipunga sana siku ile.

* * *

Tatizo halikuwa kicheko peke yake. Mzee Danieli alipofariki alimwachia Shadrack nyumba ya Tunduma, ile yenye fremu za maduka, na Anania akamwachia Pijo. Shadrack hakuwahi kusema kwamba amedhulumiwa. Alisema tu, kila akipewa nafasi, kwamba gari la baba linateseka. Na mama yao, bibi Enesi, alikuwa ameweka neno lake mbele ya ukoo: "Gari la mume wangu litembee. Siku likishindwa kutembea, liondoke. Sitaki kuona kuku wanatagia kwenye kiti alichokalia."

Sasa mavuno yalikuwa yamekwisha na kikao cha familia kilikuwa kinakuja. Shadrack alikwishatangaza kwamba yuko tayari kulichukua lile "chuma chakavu" kwa huruma, amwondolee mdogo wake mzigo. Pijo likiondoka, mchele unaondoka nalo. Ada ya shule ya mtoto wao Witness ilitoka kwenye mchele, na chumvi ya jikoni pia.

Fausta akalipeleka kwa Lucky, fundi wa mtaa wa Sogea, kijana anayevaa ovaroli lililofunguliwa hadi kitovuni.

"Maza, hii mashine bado nzima," Lucky alisema, akifungua kabureta kwa mara nyingine. Alishaifungua mara nyingi mno kiasi kwamba kabureta ilimzoea. Akishika bisibisi, skrubu zinaanza kulegea zenyewe. "Angalia. Jeti, hiki kitundu cha mafuta, safi. Boya lake, floti, linapanda, linashuka. Chujio jipya. Plagi zinapiga moto wa bluu."

"Sasa linazimia nini?"

"Lilipozima, nilifungua hapa kwenye bakuli la kabureta. Kavu. Mafuta hayafiki."

"Ulisema hivyo hivyo ukaninunulisha pampu."

"Na pampu ni nzima! Nimeipima." Lucky alikuna kichwa, akajipaka grisi. "Labda joto. Petroli inageuka mvuke kwenye bomba. Funga kitambaa kibichi kwenye pampu, maza."

Fausta akafunga kitambaa kibichi. Gari lilizima na kitambaa chake, kama mgonjwa aliyekandwa kichwa. Akaenda kwa fundi wa Mlowo, akabadilisha koili. Akavuka hadi Nakonde kwa fundi mmoja wa Kizambia, naye akamwambia kwa adabu zote za Kibemba, "Mukwai, bamayo, samahani mama, hili gari limezeeka tu kama sisi." Kila fundi alifungua boneti. Kila fundi aliinama palepale mbele, kwenye kabureta, akatoka na jibu lake na mikono michafu.

Siku moja akaja mgeni kwenye meza yake ya mchele sokoni, mtu wa Lusaka, kavaa koti la ngozi na viatu vyenye ncha. Aliuliza kwa Kiswahili cha kuazima: "Bamayo, nyumba ya Ba Sichone ni wapi? Yule mwenye Pijo 504."

"Sichone yupi?"

"Ba Shadrack. Ameniahidi. Mimi ninakusanya gari za zamani. Hii yake ni nzuri sana, kabureta yake ya kwanza, haijaguswa."

Fausta alikuwa anapima mchele. Alisawazisha kisado kwa kiganja, taratibu, hadi pakawa sawa kama meza.

"Na amekuambia linatembea?"

"Eeh! Amesema tatizo dogo tu. Akilipata mkononi, dakika moja linapona." Mgeni akacheka, akataja na bei aliyokubaliana na Shadrack. Ilikuwa bei ya kiwanja, tena kiwanja cha karibu na lami.

Fausta akamwelekeza njia, tena njia sahihi, akamtakia safari njema. Kisha akakaa kwenye gunia. Dakika moja linapona. Mafundi wa nchi mbili wameshindwa, na shemeji ana dawa ya dakika moja.

* * *

Kesho yake alilitoa gari peke yake, akashika barabara ya Mpemba. Hakuwa fundi, na hapa sitaki kumpamba. Hakujua jeti ni nini mpaka Lucky alipomwonyesha. Alichokuwa nacho ni hasira, na hasira ya Fausta ilikuwa na subira ya mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Gari likazima palepale alipotarajia. Hakufungua boneti. Akajiuliza: wote wameangalia mbele, mafuta yanatoka wapi? Akazunguka ubavuni hadi kwenye mdomo wa tanki. Mfuniko alikuwa ameuviringishia mpira wa baiskeli, kama magari yote ya Tunduma, kwa ajili ya wale wanaonyonya petroli za watu. Akaufungua mpira. Akashika mfuniko, akauzungusha.

Fyuuuu.

Tanki likavuta hewa ndani, kwa nguvu, kama mtu aliyezama akatoa kichwa juu ya maji. Fausta akaruka nyuma. Akarudi, akapiga stata. Pijo likawaka hapohapo.

Akaendesha, likazima. Mara hii akapiga stata papo hapo bila kugusa mfuniko: halikuwaka. Akaufungua: fyuuu, likawaka. Akaendesha na mfuniko umelegea: halikuzima kabisa, akafika mbali akageuza, akarudi, halikuzima. Akapaki chini ya nguzo ya umeme, akaugeuza mfuniko juu chini kwenye mapaja yake. Katikati kulikuwa na katundu kadogo ka kupitisha hewa, ili mafuta yakitoka, hewa iingie kushika nafasi yake. Katundu kalikuwa kamezibwa. Alichokonoa kwa kibanio cha nywele, kikatoka kitu cha bluu, laini. Akakinusa.

Sabuni ya mche.

Kila dereva wa zamani anajua kwamba petroli haiyeyushi sabuni. Tanki likitoboka porini, unasugua kipande cha sabuni, unafika nyumbani. Na Shadrack alikuwa dereva wa malori kabla hajawa mtu wa fremu za maduka. Tena Fausta akakumbuka: mvua zilipokatika, Shadrack aliliazima Pijo kwenda msibani Isongole. Akalirudisha limeoshwa, linang'aa hadi kwenye kofia za magurudumu. "Nimekuoshea, shemeji," alisema. Mtu ambaye hata sahani yake hajawahi kuiosha.

Alimweleza Anania jioni, kabla ya chakula, amemshikia kile kipande kwenye kiganja.

Anania alikitazama sana. "Labda ni sabuni ya kuoshea tu. Imeingia kwa bahati mbaya."

"Imeingia ikajipanga upande wa ndani?"

"Ni kaka yangu, mama Witness."

"Najua ni kaka yako. Ndiyo maana nakuuliza wewe nimfanyeje, sijamuuliza mtu mwingine."

"Tumwambie mama."

"Na mama atasema nini? Atasema hivi hivi: imeingia kwa bahati mbaya. Shadrack atacheka, atasema shemeji anatafuta mchawi kwenye mfuniko." Alikifunga kile kipande kwenye pindo la kitenge. "Hapana. Nataka aseme mwenyewe."

"Hawezi kusema mwenyewe."

"Mdomo wake hauwezi," Fausta alisema. "Miguu yake itasema."

Anania hakuelewa, na hakulala kwa amani. Fausta alilala kama mtoto. Alfajiri ya siku ya kikao alijaza tanki hadi juu, kwa kuwa alishajaribu akaona: likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, pumzi inakata mapema. Kisha akaichukua ile sabuni, akairudisha kwenye katundu kake, akaikandamiza kwa dole gumba.

* * *

Kikao kilifanyika Ndalambo, uwanjani kwa bibi Enesi, baada ya ibada. Pijo lilikuwa limezima mara tatu njiani kuja, na kila mtu alilisikia likiingia linakohoa. Shadrack alisimama kuongea, akaongea vizuri, akamtaja marehemu, akatoa na leso.

"Siyo tamaa," alisema. "Ni uchungu. Baba akifufuka leo akaona gari lake linavutwa na ng'ombe, atarudi kaburini mwenyewe."

Watu wakaguna. Bibi Enesi akamgeukia mkwe wake. "Mama Witness, una neno?"

Kila mtu alingoja vita. Shangazi Marita, dada wa marehemu, mwanamke ambaye ulimi wake unaweza kumenya viazi, alikwisha kujiweka sawa kwenye mkeka ili asipitwe na kitu.

"Sina neno, mama," Fausta alisema. "Shemeji ana haki. Limenishinda. Alichukue."

Anania aliinua kichwa. Shadrack naye, furaha ikamponyoka usoni kabla hajaikamata.

"Ila nina ombi moja. Mama anatakiwa Tunduma leo, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Shemeji alichukue leo hii, mbele yenu, ampeleke mama. Asije mtu akasema alipewa kwa kificho. Nimemjazia na mafuta."

Akatoa ufunguo, akauweka kwenye mikono ya Shadrack kwa mikono miwili, amepiga goti. Watu wakapiga vigelegele. Nani angekataa? Bibi Enesi alishapanda mbele na mkoba wake. Fausta, Anania na shangazi Marita wakapanda nyuma. Na Fausta alimchagulia shangazi mahali pa kukaa mwenyewe, pembeni, juu ya godoro, kiwiko chake kikiegemea ubao palepale juu ya mdomo wa tanki.

"Hapa pana upepo, shangazi."

"Ubarikiwe, mwanangu."

Wakaondoka wanapungiwa mikono. Hawakufika mbali. Pijo likasita, likavuta, likasita, likazima.

Shadrack alishuka amejaa tabasamu. "Limezoea matatizo hili," akasema, akafungua boneti, akagonga gonga. Kisha akaja ubavuni, anapiga mluzi, mkono mfukoni. Akakuta shangazi Marita anamtazama kutoka juu, uso kwa uso.

"Unatafuta nini huku?"

"Najisaidia tu, shangazi."

"Pori lote hili, unataka kukojolea gurudumu la marehemu kaka yangu?"

Shadrack akaenda porini, akasimama kidogo bila kufanya kitu, akarudi. Gari lilikuwa limepumzika, likawaka. Likatembea. Likazima. Sasa jua lilikuwa limesimama juu ya lami. Malori ya Sumbawanga yalipita yakitikisa hewa, na kila utingo alitoa kichwa.

"Shukeni mkapumzike kivulini kule," Shadrack alisema. "Nilitengeneze kwa nafasi."

"Kivuli gani, kile cha nguzo?" shangazi akajibu. "Mimi sishuki. Fundi gani anaona aibu kutazamwa?"

"Pole, shemeji," Fausta alisema. "Hata mimi lilinitesa. Wengine wananiambia ni kabureta."

"Ni kabureta, ndiyo."

"Basi ifungue."

Akaifungua. Hakuwa na jinsi. Mbele ya macho ya watu wanne alifungua kabureta ambayo alijua ni nzima, akaipuliza, akaifunga, na shati lake jeupe la kanisani likawa ramani ya grisi. Likawaka, likatembea, likazima. Mara hii lilizima mbele ya genge la nyanya, na akina mama wa genge wakaanza kugongeana mikono. "Si ndilo lile la ng'ombe?" mmoja akasema. "Ng'ombe wako wapi leo?"

Fausta alijibana midomo. Hakuna asali Songwe nzima iliyokuwa tamu kama dakika ile.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguka. Bibi Enesi alishuka. Akavua viatu vyake vya mkutano, akavitia kwenye mkoba, akajifunga kitenge, akaanza kutembea. Miguu mitupu juu ya lami inayowaka, anaelekea Tunduma.

"Mama! Mama unaenda wapi?"

"Akina mama wananingoja."

"Mama rudi, dakika moja tu!"

"Tangu Ndalambo ni dakika moja." Wala hakusimama.

Baiskeli ya mzee wa kanisa ilikuwa inakuja kwa mbele. Mzee akafunga breki, akavua kofia, akamtazama mama wa watu peku, kisha akamtazama mwanae mwenye shati la grisi. Macho yale ndiyo yaliyomvunja Shadrack. Alikimbia. Hakukimbilia boneti, hakukimbilia kabureta. Alikimbilia ubavuni, akamsukuma shangazi kiwiko, akachana mpira wa baiskeli kwa meno, akafungua mfuniko. Fyuuuu. Akaugeuza, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akachokoa, akakung'uta, akafunga, akapiga stata. Pijo likanguruma, likaendelea kunguruma.

"Mama! Limepona! Rudi upande!"

Bibi Enesi akageuka. Akarudi pole pole. Hakuangalia injini. Aliinama akaokota kitu kilichoanguka kwenye lami karibu na gurudumu, kitu cha bluu, akakisugua kati ya vidole.

"Shadrack," alisema. "Mafundi wa Tunduma wamefungua huku mbele. Wa Mlowo wamefungua huku mbele. Wa Zambia hivyo hivyo. Wewe nani amekuambia uende huku nyuma?"

Injini ilikuwa inaita vizuri sana.

"Mama, mimi..."

"Nimekuuliza nani amekuambia."

Shangazi Marita, ambaye hajawahi kukosa neno tangu ubatizo wake, aliuziba mdomo kwa viganja viwili. Anania aligeukia upande mwingine. Bibi Enesi akanyoosha mkono, Shadrack akazima gari mwenyewe, akautoa ufunguo, akauweka kwenye kile kiganja chenye sabuni. Bibi akampa Fausta vyote viwili.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo moyo wa binadamu unapoonekana. Fausta alimtazama shemeji yake, kachafuka, machozi yanamlenga. Akamshika mkono, akamwambia, "Panda, shemeji. Yamekwisha." Shadrack akalia kama mtoto. Wakakumbatiana palepale, malori yakapiga honi za furaha, akina mama wa genge wakatupa nyanya juu, na wote wakaingia Tunduma wanaimba pambio...

"Nani alimshika nani mkono?"

Niligeuka. Hiyo ni juzi, naisimulia habari hii hii, nimekaa hapa hapa kwa Nesta, mgongo wangu barabarani, na nyuma yangu amesimama Fausta mwenyewe, kisado kichwani.

"Karibu chai, mama Witness," nikasema.

"Nimeuliza. Nani aliimba pambio?"

Benchi zima likanitazama. Nikajaribu kunywa chai, kikombe kilikuwa kitupu.

"Nilitaka watu waondoke na moyo mweupe," nikasema.

"Maliza vizuri basi. Hutaki? Namaliza mimi." Akatua kisado, akashika kiuno. "Nilikaa kwenye usukani. Mama akapanda. Shangazi akapanda. Shadrack akashika ubao apande, nikamwambia shuka. Akasema shemeji, ni mbali. Nikamwambia najua, mimi nimeitembea nyuma ya ng'ombe. Kipande cha sabuni nilimwachia kwenye mkono, nikamwambia kaoge. Nikaondoka."

"Na Anania?" Nesta aliuliza.

"Alisema nisimame. Sikusimama. Hakunisemesha mpaka Jumapili iliyofuata."

"Na mama mkwe? Aligeuka kumwangalia?"

Fausta alipangusa meza ya Nesta kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi.

"Alilia mpaka tunaingia Tunduma. Lakini hakugeuka." Kisha akanigeukia mimi. "Hayo ndiyo niliyolipa, na nimeyalipa. Sasa wewe, mzee, umenisamehesha mtu bila ruhusa yangu. Hiyo nayo ina bei. Nesta, benchi hili limekunywa nini?"

"Chai. Na maandazi. Na yule pale supu."

"Atalipa. Niwekee na mimi supu."

Nikalipa, watu wananipigia makofi. Nililipa hadi na pesa yangu ya bodaboda ya kurudi nyumbani, nikashika njia kwa miguu, jua la saa nane. Nilipofika kwenye foleni ya malori nikasikia injini nyuma yangu, injini safi, haikohoi hata kidogo. Pijo likapunguza mwendo, likaja sambamba na mimi. Nikavua kofia, nikaweka mkono kwenye mlango.

Fausta akapiga honi, akaongeza mafuta, akaenda zake.